Gitaa Kavu na Sinthesaiza: Namna ya Kuupiga Upya Wimbo Uliochoshwa na Hoteli

Ukikaa Zanzibar miezi miwili na gitaa begani, wimbo wa kwanza utakaoombwa ni Malaika. Utaombwa Nungwi, utaombwa Paje, utaombwa Forodhani na mgeni aliyeshuka boti asubuhi hiyo hiyo. Fadhili William aliurekodi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akautembeza duniani, Boney M wakautia dansi mwaka 1981, na bendi za hoteli za pwani yetu hazijaupa hata siku moja ya kupumzika.

Mimi nimeupiga mara nyingi kuliko nilivyosema shikamoo. Na kwa miaka mingi niliupiga meno nje, haraka haraka, wageni wakipiga makofi. Siku moja binti ami yangu, ambaye ndiye mwimbaji wangu, akaniuliza: "Hivi wewe umeshayasikiliza maneno yake?" Nikanyamaza. Wimbo ule ni wa kijana anayependa na hana mahari. Ana aibu. Sisi tunauimba kana kwamba ameshaoa na ana nyumba ya ghorofa.

Hapo ndipo nilipoamua kuupiga upya, kwa gitaa kavu moja (lisilo la umeme) na sinthesaiza moja (kinanda cha umeme unachokitengenezea sauti mwenyewe). Mara ya kwanza niliharibu. Nilipiga kodi kwenye gitaa, na kodi zile zile kwenye sinthesaiza (kodi za muziki hizi, noti kadhaa zinazolia pamoja, hazidaiwi na mamlaka ya mapato, ZRA). Tukaenda nao kwenye hoteli moja ya mashariki, na aliyekuwepo usiku ule ni mzee anayepiga fidla kwenye taarab tangu sijazaliwa. Tulipomaliza nikamfuata.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba mwanangu. Hivyo vyombo vyako viwili, vimegombana?"

"Kwani vipi, maalim?"

"Vyote vinasema kwa pamoja. Hakuna anayemngoja mwenzake. Njoo siku ya mazoezi ukae karibu na ganuni, uone inavyomwachia fidla."

Nilikwenda nikakaa. Ganuni inadonoa: noti inatoka kali, inang'aa, inakufa. Fidla inavuta: noti inakuja polepole na inabaki mpaka mkono uchoke. Ganuni inahesabu wakati, fidla inaujaza. Gitaa kavu ni ganuni yako. Noti yake inaanza kufa ile sekunde inapozaliwa, na hakuna la kufanya. Sinthesaiza ni fidla zako; ukishika kidole mpaka magharibi, sauti ipo mpaka magharibi. Mwongozo wote huu ni kuvigawia vyombo hivyo viwili kazi, kila kimoja kazi yake.

Vitu vya kuwa navyo

Gitaa la nyuzi za chuma, kapo (kile kibano cha kubana nyuzi shingoni mwa gitaa), kompyuta au hata simu nzuri, hedifoni, na maiki moja. Sinthesaiza si lazima iwe ya chuma na mbao. Kwenye kompyuta, programu ya Surge XT ni ya bure na ina kila kitu nitakachokitaja hapa, na kibodi ndogo ya midi (ile ya kuchomeka kwenye kompyuta) ya oktava mbili inatosha. Ukiwa na kinanda cha harusi cha mkono wa pili, kitumie, ila sauti zake za tarumbeta ziache kwenye rusha roho.

Gitaa kwetu lina adui wawili, chumvi na unyevu. Gitaa la mbao hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na hewa yetu wakati wa masika haijui namba hizo. Mbao inavimba, nyuzi zinanyanyuka juu ya freti, kapo ikibana sauti inapanda. Likae ndani ya mkoba, na vile vifuko vya kukausha unavyovikuta kwenye maboksi ya viatu. Nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Ukiishi karibu na bahari, nyuzi za mwezi mzima zimeshapoteza ule mng'ao ambao ndio sababu ya kuliweka gitaa kwenye kazi hii, basi badilisha seti mpya siku moja kabla ya kurekodi, si siku yenyewe. Nyuzi mpya hulegea usiku kucha.

Hatua ya kwanza: uchambue wimbo mpaka mfupa

Usiguse chombo. Imba wimbo mzima mikono mitupu, ukijirekodi kwa simu. Halafu usiuimbe, useme, kama unavyomwambia mtu jambo zito barazani. Sikiliza maneno yanavyotembea. Gonga mguu. Ule mwendo wa maneno yakisemwa kwa ukweli ndio mwendo wa toleo lako. Hotelini tulikuwa tunakimbia. Nilipoyasema maneno kwa utaratibu wake nikapata mapigo 72 kwa dakika. Namba hii ishike, tutaitumia tena na tena. Ukigawanya milisekunde 60,000 kwa 72 unapata 833, na huo ndio urefu wa pigo moja.

Kisha andika kwenye karatasi vitu visivyoguswa. Visizidi vitatu. Kwa Malaika mimi niliandika viwili: melodia ya ule mwito wa kwanza, na ubeti wa pesa. Vingine vyote, mdundo, kodi, utangulizi, sauti za kuitikia, vinaweza kwenda. Watu wengi wanaopiga upya wimbo hubadilisha melodia na kuacha mdundo ule ule, ikawa kama mtu aliyebadilisha jina akabaki na madeni. Melodia iache. Msikilizaji anahitaji kitu kimoja cha kushika ili ajue yuko wapi, na hapo ndipo unapoweza kumhamisha nyumba nzima bila yeye kupotea.

Hatua ya pili: kii na kapo

Kii, yaani noti ambayo wimbo unairudia kama nyumbani, inachaguliwa na koo, haichaguliwi na vidole. Mpe mwimbaji aimbe noti ya juu kabisa ya wimbo, panda nusu toni kwa nusu toni mpaka sauti ianze kukaza, kisha rudi chini toni moja au moja na nusu. Kwa binti ami yangu tulifika B flati. Kii hiyo kwenye gitaa ni mateso ya vidole kama huna kapo. Ukiifunga kapo freti ya tatu, unapiga maumbo ya G na sauti inatoka B flati, kwa sababu kila freti ni nusu toni na tatu ndizo zinazotenganisha G na B flati.

Hatua ya tatu: kodi nne na vidole viwili visivyohama

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo siri ilipo.

Malaika inasimama kwa kodi tatu tu: ya kwanza, ya nne na ya tano. Kwa maumbo ya G ni G, C na D. Usiziongeze ziwe kumi ili uonekane fundi. Badilisha zinavyokaa.

Weka kidole cha pete kwenye uzi wa pili, freti ya tatu kutoka kapo. Kidole kidogo kwenye uzi wa kwanza, freti ya tatu. Hivyo viwili havitoki. Sasa kidole cha kati weka uzi wa sita freti ya tatu, cha shahada uzi wa tano freti ya pili, na uzi wa nne na wa tatu uziache zilie tupu: hiyo ni G. Hamisha cha kati na cha shahada tu, uzi mmoja chini: cha kati uzi wa tano freti ya tatu, cha shahada uzi wa nne freti ya pili: hiyo ni C yenye tisa. Vyote viwili kwenye freti ya pili, uzi wa tano na wa nne: E ndogo yenye saba. Na shahada peke yake kwenye uzi wa tatu freti ya pili, ukianzia uzi wa nne mtupu: D iliyoning'inia, ile ambayo haijaamua kuwa kubwa au ndogo.

Umeona? Kodi nne zimepita na nyuzi mbili za juu hazikutikisika. Kwa kapo yako zinatoa F na B flati, wimbo mzima. Besi inatembea chini, juu kuna taa haizimwi.

Kodi moja kati ya hizo, ile E ndogo, haimo kwenye wimbo wa asili kama tunavyoupiga hotelini. Nimeiweka mahali pamoja tu, kwenye ubeti wa pesa, palipokuwa na kodi ya kwanza. Inakubali kwa sababu G na E ndogo zina noti mbili za pamoja, kwa hiyo melodia ikitua kwenye mojawapo haitashtuka. Lakini uso wa wimbo unabadilika ghafla, kama mtu aliyekuwa anacheka akakumbuka kitu. Ukiirudia mara ya pili nguvu imekwisha.

Mkono wa kulia usikwaruze. Dole gumba libebe besi, vidole vitatu vidonoe nyuzi za juu kimoja kimoja, noti nane kwa kila kipimo cha mapigo manne. Ukizoea risha ya udi, iache leo. Nyama ya kidole inatoa mwanzo laini wa noti, na ukucha mfupi unaongeza mng'ao kidogo. Kucha ndefu za kinyozi wa Darajani hazihitajiki.

Hatua ya nne: kuitengeneza fidla kutoka sauti tupu

Usifungue sauti iliyotengenezwa tayari. Zile zina mwangwi, zina kwaya, zina kila pilipili ya dukani, na gitaa lako litazama. Anza na sauti tupu, kisha fuata hivi.

Chagua osileta (kile kinachozaa sauti yenyewe) mbili, zote wimbi la msumeno. Ya kwanza ipandishe senti 6, ya pili ishushe senti 6 (nusu toni moja ni senti 100, kwa hiyo ni kidogo sana). Utasikia sauti inaanza kuogelea. Ndivyo fidla sita za klabu ya taarab zinavyosikika: hakuna mbili zilizo sawa kabisa, na ule utofauti ndio unaozifanya ziwe kundi.

Filta iwe ile ya kupitisha sauti za chini, ikate kuanzia herzi 800. Sauti itafifia, itakuwa kama inatoka chumba cha pili. Vizuri. Ukitaka ing'ae, fungua filta taratibu kwa mkono wakati wa kupiga, kama mtu anayefunua kawa na mvuke wa wali unatoka kidogo kidogo. Ukifunua mara moja, umeunguza watu.

Sasa umbo la sauti. Muda wa kuingia uweke milisekunde 833, yaani pigo zima. Gitaa linadonoa kwenye pigo la kwanza, na sinthesaiza inafika kileleni pigo la pili, wakati noti ya gitaa imeshaanza kufa. Moja inampokea mwenzake. Hili ndilo nililokwenda kuliona kwenye ganuni, na namba moja tu ndiyo iliyolileta chumbani kwangu. Muda wa kutoka uwe sekunde 2.

Mwisho, chukua lile wimbi la polepole linalotikisa vidude vingine, LFO, iwekee herzi 0.1 na uielekeze kwenye filta kwa kiasi kidogo. Mzunguko mmoja unachukua sekunde 10. Kwa mapigo 72 kipimo kimoja ni sekunde 3.33, kwa hiyo sauti inapumua mara moja kila vipimo vitatu. Kwa kuwa beti zetu zinakwenda kwa vinne, pumzi haitui mahali pamoja mara mbili mfululizo, na sikio halichoki.

Upige nini? Noti mbili. F na B flati, zile zile za vidole visivyohama, oktava ya katikati ya kibodi. Usipige kodi nzima. Noti ya tatu ya kodi, inayosema kama hii ni furaha au huzuni, iachie gitaa na mwimbaji. Zinakubaliana na kodi zote nne, isipokuwa pahala pamoja: kwenye kodi ya tano mwimbaji akitua kwenye A, ile B flati yako iko nusu toni juu yake na zitasuguana. Hapo nyanyua kidole cha B flati, na mpiga gitaa naye akunje ile D iwe D kamili, kidole kidogo kitoke, cha kati kikae freti ya pili ya uzi wa kwanza. Tulichukua jioni mbili kulijua hilo. Mwanzo tulidhani gitaa limetoka tuni.

Hatua ya tano: besi ya sanduku

Nani asiyejua kidumbak? Sanduku la chai, fimbo, uzi mmoja, na besi inayoteleza mpiga akiuvuta. Sinthesaiza inaiga sanduku vizuri kuliko inavyoiga fidla, nami nilifurahi siku nilipoligundua.

Osileta moja, wimbi la pembetatu. Mtelezo wa noti milisekunde 80, uwashwe tu unapounganisha noti mbili bila kunyanyua kidole. Filta ikate herzi 300. Muda wa kuingia sifuri, muda wa kushuka milisekunde 400, kiwango cha kubaki sifuri: sanduku halivuti, linagonga na kunyamaza. Piga pigo la kwanza, kisha nusu pigo kabla ya la tatu, basi. Mahali pa tatu pawe kimya.

Oktava ni jambo la kuangalia. Besi ya umbo la G kwenye gitaa lenye kapo ya tatu iko herzi 116 hivi. Sanduku lako likae oktava moja chini, herzi 58. Spika ya simu haiwezi kutoa herzi 58, na wasikilizaji wako wengi wako kwenye simu. Ongeza ukwaruzo kidogo, ule unaotokana na kuzidisha sauti ndani ya programu, ili besi iwe na noti za juu yake ambazo simu itazitoa. Sikio litajaza chini lenyewe.

Kuhusu robo toni

Najua utashawishika. Sinthesaiza nyingi zinakuruhusu kushusha noti moja senti 50, na hapo unapata ile ladha ya bayati, noti ya pili iliyo katikati ya nusu na nzima. Gitaa lenye freti haliwezi kufika huko. Ukichanganya, kodi zitalia. Mimi naitumia kwenye utangulizi peke yake, gitaa likipiga mzizi na noti ya tano tu na kuiacha ile ya pili. Vipimo vinane, kama bashraf fupi. Ikianza sauti ya kuimba, sinthesaiza inarudi kwenye tuni ya kawaida. Watu wa taarab wataitambua na wageni wataona tu kwamba kuna kitu.

Hatua ya sita: ramani ya dakika nne

Kwa mapigo 72, vipimo 18 ni dakika moja, na 72 ni dakika nne kamili. Mgawanyo wangu ni huu: utangulizi vipimo 8, ubeti wa kwanza 16, wa pili 16, mchezo wa vyombo 8, ubeti wa pesa 16, kumalizia 8.

Ubeti wa kwanza hauna sinthesaiza mpaka ufike ukingoni. Najua umeitengeneza kwa saa tatu na unataka isikike. Subiri. Mtu azoee gitaa na mwimbaji, sauti mbili za chumba kimoja, halafu kwenye kipimo cha 16 cha ubeti, cha mwisho, ile fidla iingie kwa noti moja, F, polepole mpaka asijue ilianza lini. Ubeti wa pili sanduku linaingia. Kwenye mchezo wa vyombo sinthesaiza inachukua melodia, osileta moja tu, na mtelezo kati ya noti.

Ubeti wa pesa nilifanya kinyume cha watu wanavyotarajia: gitaa linaondoka. Sanduku linaondoka. Inabaki sauti ya binti ami na noti mbili zilizofungwa filta mpaka herzi 400. Kijana hana kitu, na wimbo nao hauna kitu. Gitaa linarudi kwenye E ndogo, pigo moja, likaachwa life lenyewe. Hoteli ile ile ya mashariki, tulipoupiga hivi, muuza baa aliacha kutikisa barafu.

Hatua ya saba: kurekodi ndani ya nyumba ya mawe

Chumba changu kiko Mkunazini, nyumba ya mawe na chokaa, kuta nene, dari ya boriti. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na chumba chembamba chenye kuta ngumu mbili zinazotazamana hurusha sauti kama mpira. Piga kofi moja katikati: ukisikia mlio wa "trrr", ndio huo. Simamisha godoro nyuma ya mpigaji, tundika kanga na mablanketi ukuta wa pili, tandika mkeka au zulia. Usizibe kila pahala, acha chumba kiwe na uhai.

Maiki ielekeze kwenye freti ya 12, karibu na pale shingo ya gitaa inapokutana na mwili, umbali wa sentimita 25. Usiilenge tundu, tundu linatoa ngurumo tu. Rekodi kwa herzi 48,000 na biti 24, na kilele cha sauti kikae karibu na desibeli 10 chini ya mwisho.

Wakati mzuri ni baada ya sala ya alfajiri, kabla kunguru hawajaamka vizuri na mikokoteni haijaanza. Jipangie kipande kati ya sala na sala. Adhana ya misikiti minne ikianza, kaa pumzika, usipambane nayo. Feni izimwe, utatoka jasho, ndiyo hali. Paa la bati na mvua ya vuli hazirekodiwi pamoja.

Na ubonyeze kuhifadhi kila ukimaliza kipande. Mimi nilipoteza asubuhi nzima ya gitaa umeme ulipokatika, kompyuta haikuwa na betri nzima, na uliporudi ukarudi na nguvu ya ajabu ukaichoma chaji. Tangu siku hiyo narekodi kwa betri, waya wa umeme umechomolewa kabisa ukutani. Kuna faida ya pili: ile ngurumo ya chini inayotoka kwenye umeme inakwisha.

Rekodi gitaa na mwimbaji kwanza, kwa kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) sikioni. Sinthesaiza baadaye, kwa mkono, bila kuinyoosha kwenye kompyuta. Ikichelewa kidogo, iache. Fidla nazo huchelewa.

Hatua ya nane: kuchanganya

Kazi ikigawanywa vizuri mwanzoni, hapa hakuna kubwa. Kwenye gitaa kata kila kilicho chini ya herzi 90, punguza kidogo kati ya 200 na 300 kama linanguruma. Kwenye fidla ya sinthesaiza kata chini ya 220, na uchimbe shimo dogo, desibeli 3, kati ya herzi 2,000 na 4,000. Huko ndiko yanakokaa makali ya nyuzi na matamshi ya mwimbaji. Maneno yakizibwa huna wimbo.

Mwangwi uwe mmoja kwa wote watatu, ili wawe chumba kimoja. Mwitiko kwenye gitaa ukiutaka, weka milisekunde 625, robo tatu ya pigo, kwa sauti ndogo sana.

Kabla ya kuuweka mtandaoni

Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na chombo chake, COSOZA, mbali na bara. Kupiga upya wimbo wa mtu kuna taratibu, na kubadilisha maneno yake kunahitaji ruhusa ya mwenyewe. Malaika hasa imebishaniwa miaka mingi kuhusu nani aliyeitunga, kwa hiyo usiandike kwamba umetunga wewe wala usibuni jina. Andika jina la wimbo, andika kwamba ni mpangilio wako, na nenda ukaulize ofisini kabla ya kuuza. Video ikiwekwa alama na wenye haki na mapato yakaenda kwao, usilie.

Majaribio

Usikilize kwa hedifoni, kisha kwa simu iliyowekwa ndani ya bakuli la bati, kisha kwenye daladala kama una rafiki dereva. Daladala ndiyo iliyonionyesha kwamba sanduku langu lilikuwa kubwa mno. Kisha mpe mtu mmoja asiyekuonea haya.

Mimi nilimpelekea maalim wangu wa fidla. Alikaa barazani, simu sikioni kama anayeongea na mtu, macho kafumba. Dakika nne. Mjukuu wake akaja kuomba pesa ya urojo, akamzuia kwa mkono bila kufumbua macho. Ulipokwisha akanirudishia simu.

"Hapa pa mwisho pamekaa," akasema. "Lakini ubeti wa pili, kinanda chako kimekaa mlangoni. Mwenye nyumba anapitaje?"

Nikarudi Mkunazini nikakishusha desibeli mbili na nusu.